Jiwe la Kabatini Si Kombe, Wala Halikutoka Tororo

Siku ya wazazi nilijiandaa kukasirishwa na karo. Sikujua kwamba kuna jiwe litakalowahi kunikasirisha kabla yake.

Mpwa wangu wa S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, alinivuta, "Mjomba, njoo uone," hadi kwenye kabati la vioo la jiografia. Shule yao, tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi 2022, imebandika Kiswahili kila mahali, kuanzia jikoni mpaka chooni. Hilo nililipigania mwenyewe, sina ugomvi nalo. Ila humo kabatini palikuwa na jiwe la kijivu linaloenea kiganjani, pana kama nondo aliyekunjua mabawa, lenye mistari iliyopangana kama ya suruali ya kodrai. Chini yake karatasi: KOMBE LA KALE, TORORO.

Maneno manne, uongo mara mbili.

Tuanze na kombe. Kila mfuga kuku wa mayai anayajua makombe, yale maganda ya ziwani tunayopimiwa kwa kilo ili mayai yasivunjike kama karatasi. Tafuta mawili yanayofanana uyashike pamoja. Moja la kushoto, moja la kulia, kama viganja vya mtu anayesali. Lakini shika moja peke yake: limekwenda upande, huwezi kulikata katikati ukapata nusu mbili sawa.

Sasa lishike lile jiwe la kabatini. Nililishika, baada ya mwalimu kutafuta ufunguo kwa dakika kumi. Jina lake ni Spirifer, mnyama wa baharini aliyegeuka jiwe, ukoo wake ni brakiopodi, wanyama wenye maganda mawili, na maganda yake hayakukaa kushoto na kulia. Moja lilikuwa la tumboni, jingine la mgongoni, na wala hayalingani. Ila kila moja, ukipiga mstari kutoka kwenye mdomo wake mpaka ukingoni, nusu zinalingana kama uso wa mtu. Na usihangaike kutafuta kalamu: ganda moja lina mfereji katikati na la pili lina tuta, kwa hiyo mstari ulishapigwa.

Kisha kuna habari ya mlango. Kombe lina kano inayofanya kazi kama springi, inafungua yenyewe, na misuli kazi yake ni kufunga. Ndiyo maana likifa linabaki limeachama. Brakiopodi ana misuli ya kufunga na misuli mingine ya kufungua. Akifa, hakuna wa kufungua. Lile jiwe limefumba kabisa. Miaka zaidi ya milioni 300 limefumba, halafu sisi tunalibandika jina la kitu kinachoachama.

Na ndani yake, kama lingepasuliwa vizuri, kulikuwa na mizunguko miwili ya chokaa, kulia na kushoto, kama springi za kalamu ya biki. Ilishikilia kiungo chenye vinyweleo kilichochuja chakula majini. Hiyo mizunguko ndiyo iliyompa jina la Spirifer, mbeba mizunguko, jina alilotoa Mwingereza James Sowerby mwaka 1816. Wachina waliyaona mabawa, wakaita visukuku vya aina hiyo, yaani viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, mbayuwayu wa mawe, wakavisaga kuwa dawa. Sitaimeza dawa hiyo, lakini angalau Wachina waliliangalia jiwe.

Mtaniambia nakuza mambo, ganda ni ganda. Haya. Brakiopodi waliokwisha kupewa majina kutokana na visukuku ni spishi zaidi ya 12,000. Walio hai baharini leo ni kama 400. Miaka milioni 252 hivi iliyopita ilikuja ile kufa kwa viumbe kubwa kuliko zote, ikawafyeka, na baada yake makombe ndiyo yaliyotanda pale walipokuwa wamejaa wao. Kwa hiyo kumwita Spirifer kombe ni kumzika marehemu kwa jina la jirani aliyerithi shamba lake.

Hilo la Tororo, mji wetu wa mashariki mwa Uganda, ndilo lililonichoma zaidi, maana baba yangu alivunja mawe pale miaka mingi na mimi nilimpelekea chai. Sijawahi kuona ganda hata moja kwenye chokaa ya Tororo, na hutaliona, kwa sababu chokaa ile haikulala chini ya bahari. Ilitoka tumboni mwa volkano. Kama hamniamini, mwulizeni Mtanzania kuhusu Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayotapika uji wa namna hiyo mpaka leo. Mlima wetu ulishazimika na kulika, kikabaki kiini chake, ule mwamba mnaoupiga picha mkipita kwenda Malaba.

Nikalikwangua lile jiwe kwa kucha upande wa chini. Palikuwa na lebo nyingine, kuukuu, herufi za wino zimefifia: Derbyshire. Uingereza! Jiwe limesafiri kwenye sanduku la mkoloni, tumelipa uraia.

"Lakini mzee," mwalimu akasema kwa adabu, "kitabu kinasema chokaa hutokana na viumbe vya baharini." Kitabu kinasema kweli, juu ya Derbyshire. Mtoto wa Tororo akiandika kwenye mtihani kwamba chokaa ya kwao ilitoka mlimani, nani atampa alama?

Na kama ni visukuku tunavyotaka, fuvu la nyani mkubwa wa miaka milioni 20 lilipatikana Napak, Karamoja, hapa hapa Uganda, mwaka 2011. Hatuhitaji bahari ya kuazima.

Nakubali, shingo upande, kwamba Kiswahili hakina neno la mnyama huyu na mwalimu alishika lililokuwa karibu. Nakubali pia kwamba darasa lake limejaa mpaka dirishani na hana muda wa kukwangua mawe. Lakini mtoto anayeweza kutamka usanisinuru hawezi kushindwa na brakiopodi.

Jana mpwa wangu amenitumia picha kwa simu ya matroni. Neno Tororo limekatwa kwa kalamu nyekundu. Kombe bado lipo. Jumamosi napeleka kilo moja ya makombe ya kuku, yawekwe kando yake kwenye kabati hilohilo.