Anayekimbia kazi kuokoa maisha yake hajaacha kwa hiari

Mwanamke ameachana na mwanaume, lakini mwanaume hajakubali. Anajua zamu ya mwenzake inaisha saa ngapi, anajua kituo anachopandia daladala, na jioni anakuwa ameshafika getini kumsubiri. Namba ya simu mtu anaweza kubadili, hata nyumba anaweza kuhama. Kazini ni lazima afike kila siku, saa ileile, kwa mlango uleule. Ndiyo maana wapo wanaoishia kuacha kazi, na kwenye barua wanaandika "sababu za kifamilia", maana kumweleza afisa utumishi ukweli wote ni aibu nyingine.

Barua hiyo ndiyo inayowanyima haki. Tangu mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania, inalipa fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Aliyeacha kazi mwenyewe hana chake.

Hiari iko wapi hapo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa kulazimika, pale mwajiri anapofanya kazi isivumilike, na huyo anahesabiwa kuwa ameachishwa. Ila huyu dada mwajiri wake hajamkosea. Anayemtesa yuko nje ya geti. Basi madai dhidi ya mwajiri hana, na fao hapati, ingawa makato yalikuwa yanakwenda kila mwezi. (Mama lishe na dada wa kazi za ndani wasio na mfuko wowote, hao hata hapa hawajafika.)

Marekani yapo majimbo yaliyoliona hili. Jimbo la Washington linamlipa aliyelazimika kuacha kazi ili kujikinga yeye au familia yake dhidi ya ukatili wa nyumbani au kuandamwa. Texas nayo inalipa, ikitaka ushahidi kama amri ya ulinzi ya mahakama, kumbukumbu ya polisi au maelezo ya daktari.

Najua watakaosema watu watadanganya ili walipwe. Lakini nyaraka za namna hiyo tunazo: RB ya polisi (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni), PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kwa aliyejeruhiwa, maelezo aliyoandikisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na nani atapanga uongo wote huo ili apate theluthi ya mshahara kwa nusu mwaka, huku mshahara mzima ameuacha?

Bunge liongeze kifungu kimoja tu: aliyeacha kazi kwa kuandamwa au kutishiwa maisha asihesabiwe kuwa ameacha kwa hiari. Wala asiambiwe asubiri mtuhumiwa ahukumiwe kwanza. Kesi inaweza kuchukua miaka, na mwenye nyumba kule anakohamia anataka kodi ya miezi sita kabla hajamkabidhi ufunguo.