Deni Lililobaki

Miezi ya kusi, upepo unaovuma kutoka kusini, bahari ya nje ya Lamu huchafuka, na mvuvi mwenye chombo kidogo hushinda kivulini akishona nyavu. Jikoni kusi halijulikani. Unga unataka kununuliwa, shule inataka karo yake. Hapo ndipo anapoingia tajiri. Kwa wavuvi neno hilo halimaanishi kila mwenye pesa. Tajiri ni yule anayekununulia samaki na ambaye, kabla hujampelekea hata mmoja, ameshakupa nyavu, barafu, mafuta ya mashine na pesa za matumizi. Hakuna karatasi ya kutia sahihi. Kuna daftari lake, na ahadi yako kwamba ukipata utamshushia yeye. Upepo ukigeuka kaskazi linafika, unavua, unamshushia, na bei anaitaja yeye.

Amekusaidia au amekufunga? Litupe swali hilo barazani baada ya swala ya adhuhuri, watu watagombana mpaka alasiri, na kila upande utakuwa na haki yake.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Benki gani itamkopesha mtu ambaye dhamana yake ni bahari? Chombo kikivunjika, tajiri naye amevunjikiwa. Mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, mlango unaogongwa ni wake, naye hufungua. Tena hatozi riba. Wanaompinga hucheka wakifika hapo: riba ipo, imejificha ndani ya bei. Kilo anayoichukua kwako kwa bei ya chini kuliko anayolipwa asiyedaiwa, ile tofauti ni nini? Nadhani wanaocheka wamekaribia ukweli zaidi, ila wanasahau kwamba asiyedaiwa naye hana wa kumgongea mlango.

Mwaka 1962 mwanasosholojia wa Marekani, Richard Emerson, aliliweka jambo hili kwa hesabu fupi: nguvu aliyonayo mtu juu yako ni sawa na uhitaji wako kwake. Ukali wa sauti hauingii katika hesabu hiyo, wala cheo. Kinachohesabiwa ni je, unacho unachokitaka mahali pengine? Mvuvi mwenye wanunuzi wawili hujadili bei, mwenye mmoja husikiliza. Na hesabu hiyo husomwa pia kutoka upande wa pili. Nahodha anayejua miamba, anayejua changu wanalala wapi mwezi ukiwa mchanga, akihama na mabaharia wake tajiri hubaki na daftari tu, na daftari haliliwi. Ndiyo maana mvuvi akishusha tenga moja la samaki kwa mtu mwingine gizani, aghalabu tajiri hujua, na hunyamaza. Kunyamaza kule ni bei anayolipa kwa kumhitaji.

Kuna kitu kimoja ambacho Emerson hatoshi kukieleza, nacho kwetu kina jina lake kabisa: masimbulizi, yaani kumtangazia mtu wema uliomtendea. Yule tajiri aliyekuwa kimya juu ya tenga la samaki, siku moja mbele za watu hupasuka: "Huyu nani asiyejua kwamba mimi ndiye niliyemvisha?" Maneno hayo hayamwongezei hata shilingi. Deni halikui kwa kutangazwa. Basi ya nini?

Jibu langu ni kwamba deni la daftarini hulipika, na lililolipwa halimfungi mtu tena. Masimbulizi hulihamisha deni kutoka kwenye daftari hadi kwenye heshima ya mtu, ambako hakuna anayejua jumla yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kulimaliza. Na nijuavyo mimi, asimbuliaye huwa ameingiwa na hofu. Mwenye uhakika kwamba hutamkimbia hana haja ya kukukumbusha. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 264, inawakataza waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi, na mtu hakatazwi kitu ambacho hakimjii moyoni. (Kuna na ile methali ya kwamba shukrani ya punda ni mateke. Katika mji huu ambao mawe, mchanga na saruji vinapita vichochoroni juu ya migongo ya punda, sina shaka aliyeitunga alikuwa mwenye punda.)

Upande wa pili wa mizani namweka Habib Swaleh, mwalimu wa dini. Alikuja Lamu kutoka Ngazija katika karne ya 19, akawafungulia darsa watu ambao waungwana wa mji hawakuwahesabu, wakiwemo waliotoka utumwani, na upande wa Langoni ukasimama Msikiti wa Riyadha. Alifariki mwaka 1935. Hadithi ya Mtume yasema mkono wa juu ni bora kuliko wa chini, naye alikuwa mkono wa juu usiosimbulia. Lakini tazama matokeo: kila mwezi wa Mfungo Sita watu humiminika Riyadha kwa maulidi kutoka pwani nzima. Aliyetoa bila kudai amevuna utiifu ambao hakuna tajiri wa samaki atakayeuota. Msema hovyo atauita huo nao utawala. Mimi siuiti hivyo, kwa sababu mtu huja kwa miguu yake na huondoka bila kuulizwa, ingawa nakiri kwamba kumkatalia mtu umpendaye ni kugumu kuliko kumkatalia akudaiye.

Tangu 2019 kuna Fuliza, mkopo wa papo hapo kwenye simu, na vijana wengi huiona afadhali: haikusemi barazani. Kweli, haikusemi. Wala haiji mazikoni kwenu.

Msimu uliopita nilimwona mvuvi mmoja, mtu mzima, akihesabu pesa mbele ya tajiri wake. Kaskazi lilikuwa jema na alikuwa nazo za kutosha kumaliza. Alilipa deni lote ila shilingi elfu moja, akazirudisha mfukoni. Baadaye nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona hukulimaliza deni ukapumzika?"

"Nikimaliza," akasema, "kusi likija nitamgongea nani?"

Tajiri alikuwa ameiona ile elfu ikirudi mfukoni. Hajaidai mpaka leo.