Kesi mbili, jibu moja: wanaoilaumu In the Woods wanasahau nini?

Riwaya za upelelezi zinazogombanisha wasomaji kama In the Woods ni chache. Ni kitabu cha kwanza cha Tana French, kilitoka 2007, na kisa chake kiko Dublin, Ayalandi. Aliyekipenda atakusimulia msitu, mvua na maneno yalivyopangwa. Aliyekichukia atakusimulia jambo moja tu: alisoma kurasa mia nne na ushei akingoja kujua watoto wawili walipotelea wapi, akafika mwisho hajaambiwa. Karibu miaka ishirini imepita na ugomvi ni uleule. Kwa maoni yangu walalamikaji wamesikika kuliko hoja zao zinavyostahili, ingawa moja ya hoja hizo ni nzito kweli. Nitautaja mwisho wote wa kitabu, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu aishie hapa.

Kisa ni hiki. Kiangazi cha 1984 watoto watatu wa miaka 12 wanaingia msituni jirani na Knocknaree, kitongoji cha kubuni nje ya Dublin. Jioni hawarudi. Adam Ryan anakutwa ameng'ang'ania mti, kucha zimezama kwenye gome, soksi zimelowa damu, na hakumbuki chochote. Peter na Jamie hawaonekani tena. Miaka ishirini baadaye Adam anajiita Rob, ana lafudhi ya Kiingereza aliyoiokota shule ya bweni Uingereza, ni mpelelezi wa mauaji, na kazini anayeijua siri yake ni mwenzake mmoja tu, Cassie Maddox. Ndipo mwili wa Katy Devlin, naye wa miaka 12, unakutwa juu ya jiwe la kale la madhabahu, mahali wanaakiolojia wanapochimba, palepale Knocknaree. Ryan anapaswa kujitoa kwenye kesi. Hajitoi.

Kesi ya Katy inajibiwa. Ya 1984 haijibiwi.

Lawama dhidi ya mwisho huo ina mizizi mirefu. Mwaka 1929 padri wa Kiingereza, Ronald Knox, aliandika amri kumi za hadithi ya upelelezi. Mwaka uliofuata waandishi wa London wakaanzisha chama chao, Detection Club, na mwanachama mpya aliapishwa kwamba mpelelezi wake atafumbua fumbo kwa akili zake, si kwa ufunuo wala bahati. Msomaji naye aone dalili zilezile anazoziona mpelelezi, na mwishoni alipwe.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tumelelewa katika desturi hiyohiyo. Muhammed Said Abdulla, naye katika riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale (1960), aliiweka maiti mahali pa kale panapoogopwa: Bwana Ali, amekatwa kichwa. Watu wakawaza mizimu. Bwana Msa akaja na kiko chake na maswali yake, na hatukuachiwa hivihivi. Tuliambiwa nani, kwa nini na kwa njia gani. Msomaji anayetoka kwa Bwana Msa na kuingia kwa French ana haki ya kujiona amedhulumiwa, maana vitabu hivi viwili vinaanza kwa kufanana mno.

Tena French mwenyewe anaichochea kiu. Mapema katika upelelezi wa mauaji ya Katy kunapatikana kibanio cha nywele, na Ryan anakitambua: ni cha Jamie. Ukimwonyesha msomaji kitu kama hicho, usimshangae akidai maelezo. Hapa sina la kumtetea mwandishi. Kile kibanio kinafanya kazi ya kutushika ukosi tuendelee kusoma, na kikishaifanya kinasahaulika.

Lakini walalamikaji hawaishii hapo. Wanasema mwandishi hakuwa na mwisho, au alilificha jibu ili auze kitabu cha pili. Cha pili, The Likeness, kilitoka 2008. Msimuliaji wake ni Cassie, na jibu halimo. Mfululizo ukafika vitabu sita, cha mwisho The Trespasser cha 2016, kila kimoja na msimuliaji wake, na Ryan hakurudishwa kutusimulia. Kama ilikuwa hila ya biashara, basi mfanyabiashara huyu alisahau kufungua duka.

Ningependa tuitazame ile kesi iliyojibiwa, kwa sababu ndiyo walalamikaji hawaitaji kabisa.

Mkono uliomuua Katy ni wa Damien, kijana anayefanya kazi kwenye uchimbaji. Akili iliyopanga ni ya Rosalind, dada mkubwa wa marehemu, aliyemjaza Damien uongo mpaka akaamini anamwokoa mpenzi wake. Katy alikuwa mchezaji wa ballet, ameshapata nafasi katika shule ya Royal Ballet London, na Rosalind hakuweza kuvumilia nyumba nzima imtazame mwingine. Alikwisha kumlisha vitu vya kumuumiza tumbo ili safari ya kwanza ishindikane. Damien anakiri. Cassie anaficha kinasa sauti ndani ya nguo, anakutana na Rosalind, na binti yule, kwa majivuno tu, anayamwaga yote. Hapo Knox angefunga kitabu na kuridhika.

Kisha linakuja suala la umri. Rosalind hajatimiza miaka 18. Ryan aliamini ametimiza, wenzake wakamwamini Ryan, na hakuna aliyeitafuta tarehe ya kuzaliwa. Mbele ya mahakama, maneno ya mtoto yaliyochukuliwa bila mzazi wala mlezi kuwepo hayana nguvu. Basi yale yote aliyoyatamka kwa sauti yake, yaliyonaswa vizuri, yanayoeleza kila kitu, yanakuwa bure. Cassie anaujua ukweli, mkuu wa kikosi anaujua, sisi tunaujua, na aliyeyapanga mauaji ya mdogo wake hatajibu shtaka la mauaji.

Nang'ang'ania jambo hili kwa sababu ndilo linalobadilisha hesabu ya kitabu kizima. Wanaosema French hakutoa jibu wanazungumza kana kwamba jibu ndilo lingetuponya. Ametoa jibu moja, kamili, lenye dalili, nia na ungamo, na tazama limefanya nini. Katy hajatendewa haki. Mama na baba yake sasa wamepoteza watoto wawili, mmoja kwa kaburi na mwingine kwa kujua alivyo. Urafiki wa Ryan na Cassie, kitu pekee chenye uhai katika maisha ya mtu yule, umevunjika. Tungepewa na jibu la 1984 katika kurasa mbili za mwisho, lingefanya kazi gani ambayo la kwanza limeshindwa?

Halafu jiulize kwa nini tarehe ile haikutafutwa. Mtu anayefanya kazi hii kila siku anajua kwamba umri wa shahidi ni swali la kwanza kwenye karatasi. Ryan hakuliuliza kwa sababu Rosalind alimjia akiwa mpole, mwenye huzuni, anayehitaji kulindwa, na Ryan alitaka sana, walau safari hii, awe mtu anayemlinda mtoto. Mtoto huyo alimtafuta msituni tangu 1984. Wanaolalamika kwamba kesi mbili hazikuunganishwa wanatafuta muuaji mmoja wa kuziunganisha, na hawamwoni Ryan. Kesi isiyojibiwa ndiyo iliyoiharibu iliyojibiwa, na hilo limeandikwa waziwazi, halikufichwa popote.

Karibu na mwisho Ryan anatugeukia na kusema, kwa maana hii, kwamba kabla hatujamdharau sana tukumbuke kuwa binti yule alitudanganya na sisi. Wasomaji wengi hupandwa na hasira hapa. Wanasema hapana, sisi tulimshuku tangu alipoingia na machozi yake, wewe ndiye uliyelala. Wanaiandika kuwa kasoro: fumbo jepesi mno. Mimi naona wamekipata kitabu bila kujua. Anayesema tumedanganywa ni Ryan, na Ryan alituonya tangu kurasa za mwanzo kwamba anautamani ukweli na kwamba yeye ni mwongo. Msomaji aliyemshuku Rosalind mapema amekaa kwenye kiti ambacho French alimwandalia: anamtazama mpelelezi mzuri akipita mbele ya kitu ambacho mgeni yeyote angekiona, huku akijipa moyo kwamba hakuna ambaye angekiona.

Basi kutokuwa na jibu hapa si sawa na mwandishi kuficha karata. Shahidi wa 1984 yupo, ndiye anayetusimulia, na jibu, kama lipo, liko kichwani mwake. Anakwenda kulala msituni usiku ili akumbuke. Kumbukumbu zinaanza kuja, hofu inamshika, anakimbia na kumpigia Cassie simu. Baadaye zinamponyoka moja kwa moja. Kumlazimisha mtu huyo akumbuke kwa sababu kitabu kimekaribia kwisha, hiyo ndiyo ingekuwa hila.

Na kuna Ayalandi yenyewe. French amesema wazo lilimjia alipokuwa akifanya kazi kwenye uchimbaji wa akiolojia, katikati ya kazi zake za uigizaji: palikuwa na msitu karibu, akajiuliza ingekuwaje watoto watatu waingie humo na atoke mmoja. Katika riwaya uchimbaji unafanywa haraka kwa kuwa barabara kuu inakuja kupita hapo, na baba yake Katy anaongoza kampeni ya kuihamisha. Msomaji wa Ayalandi wa 2007 hakuhitaji kuelezwa. Barabara ya M3 ilikuwa ikijengwa katika bonde lililo kando ya kilima cha Tara, makao ya wafalme wa kale, waandamanaji wakiizuia kwa miili yao. Ilifunguliwa 2010 kama ilivyopangwa. Na ile tume ya uchunguzi wa rushwa katika upangaji wa ardhi, iliyoundwa 1997, ilikuwa bado inasikiliza mashahidi. Taarifa yake ya mwisho ilitoka 2012. Barabara ya riwayani nayo inashinda. Msitu unafyekwa. Kama paliwahi kuwa na kitu chini ya udongo wa Knocknaree cha kueleza yaliyowapata Peter na Jamie, sasa kiko chini ya lami.

Msomaji huyohuyo anajua pia habari za watoto wasiorudi. Mwaka 1986, Rathfarnham, upande wa kusini wa Dublin, mvulana wa miaka 13 alitoka nyumbani baada ya chakula cha mchana akirudi shuleni. Siku sita baadaye mkoba wake wa shule ulikutwa kichochoroni, mahali palipokwisha kupekuliwa. Mwenyewe hajaonekana. Sisemi kitabu kinatokana na kisa hicho. Nasema tu kwamba mkoba ule ni dalili halisi kuliko kibanio cha Jamie, umeshikwa na wapelelezi halisi, na haujaeleza lolote hadi leo.

Lawama nyingine hainisumbui: kwamba Ryan hapendeki. Kweli hapendeki. Analala na Cassie usiku mmoja, kisha anamtenda kama mgeni, na anatueleza kwa ufasaha uliopitiliza. Kumchukia ni haki ya kila msomaji, lakini hilo si kosa la uandishi.

Ninachoweza kuwapa walalamikaji, zaidi ya kibanio, ni urefu. Katikati ya kitabu kuna mahojiano yanayotuambia tulichokwisha kukijua, na ule uchunguzi wa vigogo wanaonufaika na barabara unachukua nafasi kubwa na kuishia pembeni. Cassie naye tunamwona kwa macho ya Ryan peke yake, na macho yale humfanya mzuri kupita kiasi, mpaka yanapomgeuka. Kitabu cha pili kilimpa sauti yake, na kikawa bora kwa ajili hiyo.

Majaji wa tuzo hawakuona shida na mwisho ule. Mwaka 2008 In the Woods ilipata Edgar, Anthony, Macavity na Barry, zote za riwaya ya kwanza. Ya Edgar inachekesha kidogo, kwa sababu ni tuzo ya riwaya ya kwanza ya mwandishi Mmarekani: French alizaliwa Vermont, akakulia Ayalandi, Italia, Marekani na hata hapa jirani Malawi, kabla ya kuishi Dublin tangu 1990. Tuzo, hata hivyo, hazimlazimishi mtu kupenda kitabu. Filamu ya mfululizo ya 2019, Dublin Murders, yenye sehemu nane, iliunganisha riwaya mbili za mwanzo na kuwarudisha watu kwenye mabishano yaleyale.

Kwa anayetaka kumjaribu mwandishi huyu lakini hawezi kuvumilia deni lisilolipwa, nashauri aanze na Faithful Place ya 2010. Binti aliyepanga kutoroka na mpenzi wake 1985 hakutokea, na miaka 22 baadaye sanduku lake la nguo linapatikana katika nyumba mbovu mtaani kwao. Huyo utaambiwa nani alimfanya nini. Ukimaliza, mwangalie mpelelezi Frank Mackey na ndugu zake, kisha urudi Knocknaree.