Viungo Viwe vya Samaki, Maziwa Yawe ya Mboga

Juma lililopita nilikula chakula cha mchana katika hoteli moja hapa Kisumu, nikaletewa kipande cha mbuta kilichofunikwa kwa mchuzi mweupe mzito hata ikanibidi nikitafute kwa uma. Samaki mwenyewe hakuwa na kasoro. Nyama yake ilikuwa imekaza na haikuwa na harufu ya kukaa. Lakini viungo vyote alivyopakwa vilikuwa vimeyeyukia ndani ya malai, yaani utando mzito wa juu ya maziwa, malai yakageuka rangi na kunuka bizari mbichi, na samaki akabaki hana ladha yoyote. Nilitoka pale nimeudhika, kwa sababu chakula hiki, samaki kwa mchuzi wa malai na mboga, nakipenda na hukipika nyumbani mara kwa mara, na nina msimamo kuhusu namna ya kukipika: viungo vipakwe samaki, maziwa yatiwe mboga, na viwili hivyo vikutane sahanini, si sufuriani.

Wako wanaosema kwamba samaki kwa mchuzi wa malai na mboga ni mapishi ya wageni. Sikubaliani nao hata kidogo. Mgagani, ambao Waluo huuita dek na Wakisii huuita chinsaga, umepikwa kwa maziwa katika nyumba za huku tangu zama za bibi zetu: huchemshwa, maji yake machungu yakamwagwa, kisha ukatiwa maziwa na kuachwa motoni polepole hadi uchungu utulie. Viungo navyo tumevizoea kwa muda mrefu, kwa maana reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi waliifuata na kufungua maduka yao. Mbuta ndiye aliyechelewa kuliko wote, kwani alipandwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo, katika sahani hii, mchuzi wa mboga na maziwa ndio wenyeji, na samaki ndiye mgeni.

Minofu bora ya mbuta huenda viwandani na kusafirishwa nje ya nchi, na wengi wetu tumezoea kubakiwa na mgongo wazi, yaani mifupa inayosalia baada ya minofu kutolewa. Mimi huomba nikatiwe vipande vya mkingamo, vyenye ngozi pembeni na mfupa katikati, unene wake ukaribie sentimita 3. Mama mmoja anayeniuzia samaki katika ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, alinieleza sababu siku nilipotaka vyembamba ili viwatoshe wageni: "Mwanangu, nikikukatia vyembamba vitakuvunjikia kwenye kikaango, halafu utasema samaki wangu ni mbaya." Alisema kweli. Mfupa na ngozi ndivyo vinavyoshikilia nyama wakati wa kugeuza, na unene huo hukupa nafasi ya kukausha nje bila kukausha ndani.

Vipande vikishaoshwa, vinyunyizie chumvi, uviache kwa dakika 10 hivi. Utaona matone madogo ya maji yakijitokeza juu ya nyama. Yafute kwa kitambaa safi hadi kipande kiwe kikavu, kwa maana samaki mwenye maji hutokoseka badala ya kukaangika vizuri, na viungo vyake hubaki kwenye mafuta. Kisha twanga tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu kidogo, uongeze manjano nusu kijiko cha chai kwa vipande 4, uchanganye na mafuta na kupaka pande zote. Moto uwe wa wastani, kwani viungo vikiungua huwa vichungu na hakuna kitakachoviokoa. Dakika 4 upande wa kwanza na 3 wa pili hutosha. Chungulia karibu na mfupa, na nyama ikiwa imeacha kung'aa kama kioo na kuwa nyeupe, epua.

Mchuzi hupikwa katika sufuria yake. Malai huyapata kwa kuchemsha maziwa mazima, kuyapoza usiku kucha na kuengua utando wa juu. Lita moja hutoa vijiko vichache tu, kwa hiyo nyongeza yake huwa maziwa yenyewe. Kaanga kitunguu hadi kilainike, tia mnavu au mgagani uliokwisha kuchemshwa na kukatwakatwa, kisha maziwa na malai, uache vichemke taratibu hadi mboga inywe na mchuzi uwe mzito. Usitie nyanya wala ndimu humo. Niliwahi kukamulia ndimu ndani ya sufuria wageni wakiwa wamekwisha kuketi, na maziwa yakakatika mbele ya macho yangu, yakawa vidonge vyeupe vinavyoelea katika maji ya kijani. Tindikali hufanya protini za maziwa zishikamane, na maziwa yenye mafuta kidogo huathirika upesi kuliko malai. Ndimu mahali pake ni mezani, juu ya samaki.

Najua ndugu zetu wa pwani wataniuliza kuhusu samaki wa kupaka, anayekutanishwa na viungo na mchuzi mzito kwa pamoja. Nawaheshimu, na nakila chakula hicho kwa furaha kila ninapokipata, lakini tui la nazi si maziwa ya ng'ombe: huvumilia ukwaju na ndimu, na utamu wake huhimili bizari kali. Maziwa ya ng'ombe ni mapole mno kwa kazi hiyo, na huyafaa zaidi majani machungu.

Wakati wa kupakua, mboga hutangulia sahanini, samaki akalazwa juu yake bila kufunikwa, na ugali ukawekwa kando. Mboga ikibaki hulala, na kesho yake huongezwa maziwa kidogo na kurudishwa motoni. Mgagani wa siku ya pili ndio ninaoupenda zaidi, hata kama samaki amekwisha.