Askari Ndiye Aliyesema Kiswahili

Ijumaa iliyopita niliingia National Theatre, Kampala, lile jumba la mwaka 1959 karibu na Bunge. Liliwahi kupangiwa kubomolewa ili pajengwe ghorofa refu, wasanii wakagoma. Nawashukuru, vioo mjini vimetosha.

Mchezo ulikuwa wa Kiganda. Mimi mtoto wa Arua, kule kaskazini-magharibi, Kiganda changu cha sokoni, basi nikawa nacheka nyuma ya wenzangu kila mara. Mama mmoja kando yangu akanihurumia, akaanza kuninong'oneza kwa Kiswahili cha kuungaunga: "Huyo shemeji yake, mwanangu. Mwongo sana." Alijifunzia wapi, sikuuliza.

Halafu akaingia askari. Kofia, kiboko, kitambi. "Wewe! Panda gari!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kwa mara ya kwanza usiku ule nilielewa pamoja na wote, na nikashindwa kucheka. Mama naye kimya, tafsiri ikakatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 "panda gari" ndivyo ilivyoitwa misako ya jeshi hapa Kampala. Watu walisombwa kwa malori, na si wote waliorudi.

Simlaumu mtunzi. Wengi hapa Kiswahili kiliwafikia kwenye kizuizi cha barabarani, mtutu ukiwa mbele. Jumba lenyewe lina kidonda chake: mwaka 1977 Byron Kawadwa, mkurugenzi wake wa sanaa, alikamatwa na watu wa Idi Amin muda mfupi baada ya kurudi na kundi lake kutoka tamasha la FESTAC, Lagos. Wakamuua.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sawa, lakini waraka haumbembelezi mtu. Lugha hupendwa pale bibi anapomtukania mbuzi wake, au binti anapomkatalia mchumba kwa maneno matamu hadi jamaa anaondoka akishukuru. Hayo ni kazi ya jukwaa, na jukwaa tunalo. Naomba mchezo mmoja tu wa Kiswahili chetu, cha Arua na cha mtaa wa Bwaise hapa Kampala, kisichowaonea haya Wazanzibari. Askari akitaka kuwemo, awe bubu.

Nilipotoka nikaagiza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, kwa Kiswahili makusudi. Kijana akageuza chapati, akanitazama kidogo.

"Mayai mawili, afande?"