Fomu ndiyo iliyobadilika
Mwandishi mmoja wa makala anasema Walatino wa Marekani, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wameacha kujiona weupe, eti kwa kuwa waliojiandika weupe tu katika sensa wameshuka kutoka milioni 26.7 mwaka 2010 hadi milioni 12.6 mwaka 2020. Si kweli kirahisi hivyo. Fomu ya sensa ya 2020 ilibadilishwa, ikawekwa nafasi ya kuandika asili chini ya "mweupe" na "mweusi", na namna ya kupanga majibu ikabadilika pia. Hapa New York nilitandika vitanda hotelini na mama mmoja wa Jamhuri ya Dominika. Mikono yetu ikiwa juu ya shuka jeupe, wake ulikuwa mweusi kuliko wangu, ila kitambulisho chake cha zamani kilimwandika "indio", neno la Kihispania la Mhindi wa Amerika, ambalo kwao huitwa hivyo mtu wa rangi ya kahawia. Mweusi, kwake, ni Mhaiti, mtu wa nchi jirani. Huyu atie alama wapi? Na ninyi mlioko huku, mama kama huyu mngemsaidiaje kujaza?