Kabla fundi hajashusha pampu ya dizeli

Kuna kitu kinanikera sana kwenye gereji zetu. Gari ya dizeli ikikosa nguvu kidogo mlimani, au asubuhi ikasumbua kuwaka, fundi anafungua boneti, anasikiliza sekunde chache, "bosi, hapa pampu imekufa". Filta hajagusa, hajauliza mafuta uliweka wapi, ila spana 17 ishaingia kwenye nati za bomba za nozo (zile zinazopuliza mafuta kwenye silinda). Ikishashuka ndo basi, kuna hela ya fundi pampu, kuna sili, kuna kupanga upya taiming (muda wa kupuliza mafuta), halafu inarudishwa unakuta gari iko vilevile kumbe shida ilikuwa mpira wa mafuta umechanika nyuma ya klipu. (Na wengine wana makubaliano yao na fundi pampu, tusidanganyane.)

Mimi nasema pampu iwe mshtakiwa wa mwisho. Naongelea hizi za zamani zisizo na kompyuta, Hiace za injini ya 3L na 5L, Land Cruiser za injini ya 1HZ. Pampu yake ina plunja (kipistoni cha kusukuma mafuta) moja tu inayogawia silinda zote, sasa kama injini inamisi, yaani haichomi vizuri, silinda moja na zingine ziko freshi, plunja inahusikaje? Nenda kwenye nozo. Injini ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyaga mafuta), legeza nati ya bomba la nozo moja kisha kaza, hamia nyingine, ile ambayo ukilegeza mlio haubadiliki ndo yenyewe. Ila hii usijaribu kabisa kwenye komoni reli (dizeli za kisasa za kompyuta) kama Hilux za D-4D, mule presha inapita bar 1,000 na mafuta yanatoboa ngozi yakaingia mwilini.

Gari ikiwa inazima zima au inasumbua baada ya kulala, mi nashuku hewa kwanza. Weka kipande cha mpira mweupe unaoonekana ndani pale mafuta yanapoingia kwenye pampu, washa, angalia. Mapovu yakipita mfululizo ujue inavuta hewa kabla ya pampu, mara nyingi kwenye klipu au kile kipampu cha mkono juu ya filta. Unataka uhakika zaidi? Chukua dumu la dizeli safi, liweke juu kidogo ya pampu, mpira wa kuingiza na wa ritani (unaorudisha mafuta) yote miwili iishie humo. Gari ikitulia na kuvuta vizuri basi pampu haina kosa, rudi kwenye tenki na filta. Kazi yenyewe haina hata gharama, sijui kwa nini watu hawaifanyi.

Na kama haiwaki kabisa, washa swichi usikilize "tik" ya solenoidi (valvu ya umeme) ya kukata mafuta pale kwenye pampu. Kukiwa kimya, fyuzi na waya kwanza jamani.

Sasa kuna siku pampu ina kosa kweli. Dalili ninayoiamini ni gari inayowaka vizuri ikiwa baridi, ila ikishapata moto ukizima hapo sheli haiwaki tena mpaka ipoe. Funika pampu na kitambaa kilicholowa maji, subiri kidogo, piga selfu. Ikiwaka, plunja imelika, maana dizeli ya moto inakuwa nyepesi na inavuja pembeni presha isipande. Kumwagia ndoo ya maji kama wanavyofanya wengine sikushauri, chuma cha moto kikipoa ghafla kinaweza kukwama.

Kinachozila zaidi pampu hizi ni mafuta ya taa. Zinalainishwa na dizeli yenyewe, ukichanganya na mafuta ya taa ulaini unapungua, chuma kinasaga chuma. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa 2011, Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita 2018, zote kupambana na uchakachuaji, yaani huo uchanganyaji, lakini ukinunua dizeli ya madumu barabarani hiyo kodi haikulindi.

Ikibidi ishushwe, nenda nayo mwenyewe kwa fundi pampu mwenye benchi la kupimia. Pale kila tundu linamwaga kwenye glasi yake, unaona kwa macho ipi imezidi na ipi imepungua, kabla na baada ya matengenezo. Akikwambia yeye anapanga kwa kusikia mlio tu, beba pampu yako uondoke.